Sura ya Tano: Bastola ya Mwalimu na Saa za Mafunzo

Mjadala wa kuwapa silaha watumishi wa shule nchini Marekani kwa kawaida huendeshwa kwa lugha ya haki na hofu, yaani haki ya raia kumiliki bunduki na hofu ya mzazi juu ya usalama wa mwanawe, ilhali jambo linaloamua matokeo pale risasi zinapoanza kusikika koridoni ni la kawaida zaidi na hutajwa mara chache: mtumishi huyo amefundishwa kwa saa ngapi, amefundishwa nini, na nani aliyempima. Kwa kipimo hicho majimbo ya Marekani hayafanani hata kidogo. Florida ilipoanzisha mpango wake mwaka 2018 ilidai saa 144 za mafunzo. Tennessee, katika sheria ya mwaka 2024, ilidai saa 40. Ohio, tangu mwaka 2022, hailazimishi zaidi ya saa 24. Na Utah humruhusu mwalimu mwenye kibali cha kawaida cha kubeba silaha iliyofichwa aingie nayo darasani bila sharti la kupita kwanza katika mafunzo ya ulinzi wa shule. Watoto wanaolindwa ni wale wale na mshambuliaji anayehofiwa ni yule yule, kwa hiyo tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa mahitaji ya kazi yenyewe. Inaelezwa na siasa za kila jimbo, na hapo ndipo ilipo hatari ambayo sura hii inaichunguza.

Msingi wa kisheria unahitaji kuwekwa sawa kwanza, kwa kuwa pande zote mbili huupotosha. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba, na kwa muda mrefu wanasheria walibishana iwapo haki hiyo ilikuwa ya mtu binafsi au ya wanamgambo, yaani raia walioandikishwa kulinda jimbo lao. Mahakama ya Juu ilimaliza sehemu kubwa ya ubishi huo mwaka 2008 katika kesi ya Heller, iliyotoka jijini Washington, ilipoamua kuwa raia ana haki binafsi ya kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami. Mwaka 2010 ikautanua uamuzi huo uyabane majimbo yote. Na mwezi Juni 2022, katika kesi ya Bruen, ikaitambua haki hiyo hata nje ya nyumba. Hata hivyo uamuzi wa Heller wenyewe ulitamka kwamba haukukusudia kutilia shaka makatazo ya kubeba silaha katika maeneo nyeti kama shule na majengo ya serikali. Anayedai kwamba Katiba inamlazimisha mwalimu mkuu kukubali bastola shuleni anakosea, na anayedai kwamba Katiba inaikataza anakosea vilevile, kwa sababu suala hilo limeachwa mikononi mwa watunga sheria.

Watunga sheria wa shirikisho, yaani wale wa nchi nzima, walilishughulikia mwaka 1990 kwa sheria ya kukataza bunduki katika maeneo ya shule, na ingawa Mahakama ya Juu iliifuta mwaka 1995 kwa hoja kwamba Bunge lilikuwa limevuka mipaka ya mamlaka yake, ilitungwa upya mwaka uliofuata ikiwa na maneno yaliyorekebishwa. Sheria hiyo inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shule, sawa na takribani mita 300, lakini inamwondoa katika katazo hilo mtu aliyepewa leseni na jimbo lenye shule hiyo. Mwanya huo mdogo ndio uliogeuka lango kubwa, kwa maana jimbo linaloamua kutoa ruhusa linaweza kuitoa kwa masharti mazito, kwa masharti mepesi, au bila masharti ya maana. Na yote haya yanatokea katika nchi ambayo utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka 2018 uliikadiria kuwa na bunduki milioni 393 mikononi mwa raia, idadi inayozidi ile ya wakazi wake wote.

Fikra za polisi kuhusu mashambulizi ya shuleni zilibadilishwa na tukio moja. Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili wa shule ya sekondari ya Columbine, katika jimbo la Colorado, waliwaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja. Shule hiyo ilikuwa na askari wake mwenye silaha, naibu wa sherifu (sherifu ni mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye kwa kawaida huchaguliwa kwa kura), ambaye alirushiana risasi na mmoja wa washambuliaji kutoka umbali wa mita zipatazo 55 na hakumpata. Askari waliofika baadaye waliizingira shule wakasubiri kikosi maalumu, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa: kuzingira, kuzungumza na kungoja, utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya mtekaji nyara mwenye madai anayotaka yatimizwe. Washambuliaji wa Columbine hawakuwa na madai. Mwalimu Dave Sanders, aliyepigwa risasi mapema, alivuja damu kwa saa kadhaa ndani ya chumba cha sayansi, huku wanafunzi waliokuwa naye wakiandika kwenye ubao na kuuweka dirishani ili walio nje wajue kwamba ndani kuna mtu anayekufa kwa kuvuja damu. Alifariki kabla ya kupata matibabu.

Kutokana na msiba huo mafunzo ya polisi yalipinduliwa. Kanuni mpya ilisema kwamba askari wa kwanza kufika, hata akiwa peke yake, huingia mara moja na kuufuata mlio wa risasi, akiwapita hata majeruhi wanaomwita, mpaka muuaji azuiwe. Kituo cha mafunzo kilichoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Texas State kilieneza kanuni hiyo, na mwaka 2013 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliifanya mitaala ya kituo hicho kuwa kiwango cha taifa. Tangu wakati huo askari wa Marekani anayesema hakujua la kufanya anasema jambo gumu kuaminika.

Wazo la kumpa silaha mtumishi asiye askari lilikuwapo kabla halijawa gumzo la taifa, na linastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote, kwa sababu halikuzaliwa na watu wasiojali watoto. Mwaka 2007 wilaya ndogo ya shule ya Harrold, kaskazini mwa Texas (wilaya ya shule ni mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma kwa bodi na bajeti yake), iliwaruhusu baadhi ya watumishi wake kubeba bastola. Harrold ni kijiji cha mashambani, ofisi ya sherifu iko mbali, na viongozi wa shule walipiga hesabu ambayo mtu yeyote wa kijijini angeipiga: shambulio huchukua dakika chache, nao polisi wangefika likiwa limekwisha. Baada ya tarehe 14 Desemba 2012, siku watoto 20 na watumishi 6 walipouawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, Connecticut, hesabu ya Harrold ikawa hoja ya taifa zima. Wiki moja baadaye Wayne LaPierre, aliyekuwa kiongozi wa NRA, chama kikubwa cha kutetea umiliki wa bunduki, alitangaza kwamba mtu mbaya mwenye bunduki huzuiwa tu na mtu mwema mwenye bunduki, na akataka askari mwenye silaha awekwe katika kila shule ya nchi.

Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuigeuza hoja hiyo kuwa mfumo. Sheria yake ya mwaka 2013 ilianzisha cheo cha mtumishi wa shule mwenye silaha ambaye hufuzu kozi ya saa 80 chini ya tume ya jimbo inayosimamia mafunzo ya askari, huku njia ya zamani ya Harrold, ambayo bodi ya shule humteua mtumishi kwa idhini yake yenyewe, ikiachwa iendelee. Florida ilifuata baada ya mauaji ya watu 17 katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, tarehe 14 Februari 2018, na sheria iliyosainiwa na Gavana Rick Scott tarehe 9 Machi mwaka huo inafaa kusomwa kwa makini, kwani ni mojawapo ya sheria chache zilizojaribu kushika ncha zote za tatizo kwa pamoja. Kwa upande mmoja ilipandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, ikaweka muda wa kusubiri kati ya kununua na kukabidhiwa silaha, na ikampa hakimu uwezo wa kuamuru silaha za mtu aliyeonyesha dalili za hatari zichukuliwe kwa muda. Kwa upande mwingine ilianzisha mpango wa walinzi wa shule uliopewa jina la Aaron Feis, kocha aliyeuawa siku ile. Katika saa 144 za awali, saa 80 zilikuwa za matumizi ya bunduki, 16 za kulenga kwa usahihi kwa bastola, 8 za kufanya uamuzi mbele ya skrini inayoonyesha matukio ya kuigiza, 8 za mazoezi ya kukabiliana na mshambuliaji, 8 za kujihami kwa mikono, 12 za sheria, na 12 za kuwaelewa watu wa asili na hali mbalimbali. Mlinzi alitakiwa kupata asilimia 85 katika shabaha, kiwango kilicho juu kuliko asilimia 80 wanayotakiwa kufikia askari wa jimbo hilo. Hapo mwanzo walimu wa darasani hawakuruhusiwa kujiunga. Waliruhusiwa mwaka 2019.

Ohio ilielekea kinyume. Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wazazi wa wilaya ya shule ya Madison dhidi ya bodi yao, kwamba sheria iliyokuwapo ilimtaka mtumishi wa shule mwenye silaha awe amemaliza mafunzo ya msingi ya askari, ambayo ni zaidi ya saa 700, au awe na uzoefu wa miaka 20 katika kazi ya polisi. Wazazi walikuwa wameshinda. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Juni 2022, Gavana Mike DeWine alitia saini sheria iliyoyashusha mafunzo ya lazima hadi saa zisizozidi 24, pamoja na saa 8 za marudio kila mwaka, ingawa wilaya inaweza kudai zaidi ikipenda. Kushuka kutoka saa 700 hadi 24 hakukufuata ugunduzi wowote kwamba kazi ilikuwa imerahisika. Kulifuata malalamiko kwamba hakuna mwalimu anayeweza kuacha kazi kwa miezi kadhaa ili asome upolisi, na malalamiko hayo ni ya kweli kabisa, ila jibu lake la haki lingekuwa kukiri kwamba mwalimu hawezi kubeba kazi mbili kwa pamoja.

Uzito wa saa hizo hauonekani mpaka zilinganishwe na za polisi, na pia na kile ambacho saa za polisi zenyewe hununua. Takwimu za serikali za mwaka 2013 zilionyesha kuwa mafunzo ya msingi ya askari wa Marekani yalichukua kwa wastani takribani saa 840, na kati ya hizo 71 zilikuwa za bunduki. Baada ya hapo, katika idara nyingi, askari hurudi kwenye uwanja wa shabaha mara moja au mbili kwa mwaka ili afuzu tena. Kufuzu huko kuna sura inayojulikana. Askari husimama kwenye mstari, amevaa vizibo vya masikio, mbele yake kuna karatasi yenye mchoro wa kiwiliwili iliyo katika umbali anaoujua. Filimbi hulia, naye huchomoa bastola kutoka kwenye ala, hufyatua idadi ya risasi aliyoambiwa, hubadilisha kasha la risasi, na mwishoni mkufunzi huhesabu matundu. Karatasi haikimbii, haijibu kwa risasi, haina mtoto nyuma yake, na haimwulizi askari swali gumu kuliko yote katika kazi yake, yaani iwapo anapaswa kufyatua au la.

Matokeo yake yamepimwa. Taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguza idara ya polisi ya New York, kubwa kuliko zote nchini humo, na katika ripoti ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006 askari waliokuwa wakirushiana risasi na mtu walimpata kwa wastani wa asilimia 18 ya risasi walizofyatua, na hata pale mtu huyo alipokuwa harudishi risasi usahihi ulifika asilimia 30 tu. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kumuua mwenzake wa zamani kazini, akawaelekezea bastola kutoka hatua chache, nao wakafyatua risasi 16 wakamuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vilivyorushwa na risasi hizo. Hao walikuwa askari waliofunzwa na kufuzu, waliofanya jambo walilolazimika kufanya, mchana, mahali peupe.

Sababu iko katika mwili wa binadamu zaidi kuliko katika uzembe. Hofu kali huupandisha mpigo wa moyo, huubana upeo wa macho kiasi kwamba mtu huona kilicho mbele yake tu, huufifisha usikivu, na huvipokonya vidole ule wepesi unaohitajika ili kukivuta kifyatulio bila kuutikisa mtutu. Mafunzo mazuri hayaondoi hali hiyo. Humzoesha mtu kufanya kazi akiwa ndani yake, kwa mazoezi yanayorudiwa katika vyumba, ngazi na korido, dhidi ya watu wanaoigiza kwa silaha za risasi za rangi, ambapo wakufunzi huingiza makusudi mtu mwenye simu mkononi, mtoto anayekimbia upande usiotarajiwa, au askari mwenzake aliyevaa nguo za kiraia. Mazoezi ya namna hiyo ni ghali na huchakaa haraka yasiporudiwa, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Katika saa 24 za Ohio kila somo linapaswa kugombania nafasi na jingine: kuzuia machafuko kabla hayajatokea, huduma ya kwanza kwa majeruhi, mazoezi ya kuigiza, na bunduki yenyewe.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuamini kwamba saa nyingi peke yake zinatosha, na Uvalde ndiyo inayokataza kuamini hivyo. Tarehe 24 Mei 2022 kijana wa miaka 18, aliyekuwa amenunua bunduki mbili za nusu-otomatiki kihalali siku chache baada ya kutimiza umri huo, aliingia katika shule ya msingi ya Robb, mjini Uvalde, Texas, saa 5:33 asubuhi. Dakika tatu baadaye askari wa kwanza walikuwa ndani ya jengo. Walisogea kuelekea madarasa mawili yaliyounganika, risasi zikapenya ukuta na mlango, baadhi yao wakakwaruzwa na vipande, wakarudi nyuma. Tangu hapo kanuni iliyozaliwa Columbine ilisahauliwa na watu waliokuwa wameisomea: polisi wa wilaya hiyo ya shule walikuwa wamefanya mafunzo ya kukabiliana na mshambuliaji mwezi Machi mwaka huo huo. Ngao zililetwa, bunduki kubwa zililetwa, ufunguo ukatafutwa kwa ajili ya mlango ambao uchunguzi wa baadaye ulisema huenda haukuwa umefungwa kabisa, huku watoto wakipiga simu ya dharura kutoka ndani wakiomba polisi waingie. Mlango ulifunguliwa na mshambuliaji akauawa saa 6:50 mchana, dakika 77 baada ya yeye kuingia shuleni, muda ambao sehemu yake kubwa askari waliutumia kusubiri kwa kificho cha utaratibu. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Kamati ya Bunge la Texas ilihesabu askari 376 waliofika mahali hapo, na kilichokosekana hakikuwa bunduki wala idadi ya watu wema wenye bunduki. Alikosekana kiongozi, na ilikosekana ile hali ya kukubali kuingia.

Rekodi nyingine zimechanganyika, na uaminifu unadai zielezwe zote. Huko Parkland naibu wa sherifu aliyekuwa zamu shuleni alibaki nje ya jengo wakati watu wakiuawa ndani. Alishtakiwa, na mwaka 2023 baraza la mahakama likamwachia huru. Lakini katika shule ya sekondari ya Apalachee, jimboni Georgia, tarehe 4 Septemba 2024, askari wa shule walimfikia mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na bunduki ndani ya dakika chache, naye akajisalimisha. Wanafunzi wawili na walimu wawili walikuwa wameshauawa, na hakuna shaka kwamba wangekufa wengine kama askari hao wasingekuwapo. Watafiti waliochapisha katika jarida la madaktari la JAMA Network Open mwaka 2021 walichunguza matukio 133 ya mashambulizi ya shuleni kati ya mwaka 1980 na 2019, na hawakuona kwamba kuwapo kwa mlinzi mwenye silaha kulipunguza majeruhi. Kinyume chake, baada ya kuzingatia mambo mengine, kiwango cha vifo kilikuwa mara 2.83 zaidi pale mlinzi huyo alipokuwapo. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba mlinzi huleta kifo, kwa kuwa huenda shule zenye walinzi zilikuwa katika hatari kubwa tangu mwanzo. Inachodokeza ni kwamba mvulana anayekwenda shuleni akiwa amekusudia kufa haogopeshwi na bastola ya mlinzi, na hoja nzima ya kuogofya, ambayo ndiyo roho ya sera hii, inasimama juu ya dhana kwamba mshambuliaji anataka kuishi.

Kuna pia hatari za siku za kawaida, siku ambazo hakuna mshambuliaji, nazo ni karibu zote za mwaka. Bastola iliyo kiunoni mwa mtu anayeinama kumfunga mtoto kamba za viatu, anayeamua ugomvi, anayekwenda msalani, inahitaji uangalizi wa kila dakika. Huko Utah mwaka 2014 mwalimu alijeruhiwa na vipande baada ya bastola yake kufyatuka katika choo cha walimu kabla ya masomo. Huko California mwaka 2018 mwalimu aliyekuwa pia askari wa akiba alifyatua risasi kuelekea darini akiwa anafundisha usalama wa silaha, na mwanafunzi akaumia shingoni. Baada ya Kansas kuruhusu silaha kwa watumishi mwaka 2013, kampuni ya bima iliyokuwa ikihudumia shule nyingi za jimbo hilo ilikataa kuzikatia bima zile zitakazoitumia ruhusa hiyo, uamuzi uliofanywa na watu ambao kazi yao ni kupima hatari kwa fedha zao wenyewe.

Na ikiwa shambulio litatokea kweli, askari wanaoingia mbio hawana njia ya kumtambua mwalimu. Wataona mtu aliyevaa nguo za kawaida, ana bastola mkononi, amesimama karibu na miili. Mwezi Juni 2021, mjini Arvada, Colorado, raia mmoja alimpiga risasi na kumzuia mtu aliyekuwa ametoka kumuua askari, kisha akaichukua bunduki ya muuaji huyo. Askari aliyefika baada ya muda mfupi alimwona akiwa ameishika, akadhani ndiye muuaji, akamuua. Kila alichofanya raia yule kilikuwa cha ushujaa. Mafunzo ya pamoja kati ya walinzi wa shule na polisi wa eneo lao ndiyo pekee yanayoweza kupunguza hatari hiyo, na sheria nyingi hazielezi yafanyike mara ngapi.

Kinachozidisha ugumu ni usiri. Chini ya sheria ya Tennessee, mwalimu anayetaka kubeba silaha huhitaji idhini ya mkuu wa shule, ya mkurugenzi wa shule za eneo na ya mkuu wa polisi, lakini wazazi wa watoto anaowafundisha hawaambiwi, kwa hoja kwamba siri humchanganya mshambuliaji. Mzazi anabaki hajui iwapo mtu anayefuatana na wanafunzi kwenye ziara za shule, au anayemkaripia mwanawe, ana bastola chini ya koti. Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa tangu katikati ya muongo wa 2010 hadi mwaka 2024 Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao, wenye kuzungumza Kiswahili, wamepewa makazi katika majimbo kama Texas, Ohio na Kentucky. Ni watu waliokimbia bunduki. Wana haki ya kujua kama kuna bunduki darasani mwa watoto wao, na kumtaka mkimbizi amwamini mwenye silaha asiyemjua ni kumtaka jambo ambalo maisha yamemfundisha asilifanye.

Uchunguzi wa FBI wa mashambulizi 160 yaliyotokea kati ya mwaka 2000 na 2013, shuleni na kwingineko, unatoa kipimo kimoja zaidi. Raia wasio na silaha yoyote walimaliza mashambulizi 21 kwa kumkamata mshambuliaji. Watu wenye silaha wasio askari walimaliza matano kwa kurushiana risasi naye. Na pale ambapo muda uliweza kujulikana, karibu asilimia 70 ya mashambulizi yalikwisha ndani ya dakika tano au chini ya hapo. Hesabu ya Harrold ilikuwa sahihi kuhusu muda. Ila dakika tano zinampa mwalimu nafasi ya kutosha kufunga mlango unaofungika kwa ndani, jambo ambalo Uvalde, yenye kufuli zilizojulikana kuwa na hitilafu, ilishindwa kulihakikisha.

Swali la zamani zaidi, na lenye majibu ya uhakika zaidi, ni bunduki hizo hutoka wapi. Idara ya ulinzi wa rais, Secret Service, ambayo kazi yake imeifanya ichunguze wauaji wa kupanga, ilipitia mashambulizi ya shuleni ya miaka 2008 hadi 2017 na kukuta kwamba, katika yale yaliyofanywa kwa bunduki, asilimia 76 ya washambuliaji walizichukua nyumbani kwa wazazi au ndugu wa karibu, na katika nusu ya matukio hayo silaha ilikuwa mahali pa wazi au haikuhifadhiwa kwa usalama wa maana. Utafiti wa awali wa idara hiyo hiyo, wa matukio 37 yaliyotokea hadi mwaka 2000, ulikuwa umegundua kwamba katika asilimia 81 ya matukio kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kabla kwamba mshambuliaji anafikiria au anapanga jambo hilo. Kwa maneno mengine, shambulio la shuleni mara nyingi huanza kwenye kabati la nguo la mzazi, na huwa limesikika kwa mwenzake darasani.

Michigan imelichukua hilo kwa uzito kuliko wengi. Baada ya mvulana wa miaka 15 kuwaua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya sekondari ya Oxford tarehe 30 Novemba 2021, kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne kabla, waendesha mashtaka waliwashtaki wazazi wake wote wawili, na mwaka 2024 mabaraza mawili ya mahakama yaliwakuta na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Sheria ya jimbo hilo iliyoanza kutumika mwezi Februari 2024 inamtaka mwenye bunduki aifungie au aiwekee kufuli pale mtoto anapoweza kuifikia, na inamwadhibu asiyefanya hivyo.

Tennessee ilipata nafasi kama hiyo. Tarehe 27 Machi 2023 watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu waliuawa katika shule ya Covenant, mjini Nashville, na safari hii polisi walifanya walivyofundishwa: waliingia, wakapanda ghorofani wakifuata milio, wakamuua mshambuliaji dakika zipatazo 14 baada ya simu ya kwanza. Wazazi wa shule hiyo walikwenda bungeni wakiomba udhibiti. Mwezi Agosti mwaka huo Gavana Bill Lee aliitisha kikao maalumu cha Bunge la jimbo, na kuhusu uhifadhi wa silaha kikao hicho kiliishia kugharimia kufuli za kugawiwa bure na kuondoa kodi ya mauzo kwenye makabati ya chuma ya kuwekea bunduki, bila kumlazimisha mtu yeyote kuvitumia. Miezi minane baadaye, Bunge lile lile lilipitisha sheria ya kuwaruhusu walimu kubeba bastola kwa mafunzo ya saa 40, huku wazazi waliokuwa wameketi kwenye roshani ya wageni wakipiga kelele kuwaambia wabunge kwamba damu itakuwa mikononi mwao.